Pine za Makucha na Fimbo ya Mama Zaina

Ninyi vijana mnaochagua pine za malori kwenye simu, karibuni, kaeni juu ya hizi kuukuu. Ila msikalie ile iliyo karibu na ukuta, nimewapa kuku.

Wiki iliyopita alinijia hapa nyumbani dereva mmoja, miwani ya jua usoni, mwenye lori ambalo bado linanuka rangi. Akaninyooshea simu.

«Tata Ilunga, angaria ile pine! Simba mutupu!»

Nikaitazama. Kweli ilikuwa na makucha ya kutisha. Ningekutana nayo porini ningepanda mti. Nikamwuliza: «Na kule chini iko namna gani?»

Basi yule kijana akageuza simu, akaitazama kwa chini.

Sikucheka. Sawa, nilicheka, mpaka mke wangu akatoka jikoni kuona nani amekufa. Lakini yule kijana alipoondoka nikakaa nikawaza: hata mimi niliwahi kugeuza simu kama yeye, tena kabla simu hazijawa na picha, na ilibaki kidogo mama mmoja apoteze lori lake kwa sababu yangu. Ndiyo maana naandika.

Mimi nilikuwa kwado. Watu wa pwani wanasema fundi wa tairi; sisi Kolwezi tunasema kwado, na tairi ni pine. Pine nilizofunga na kufungua, ukizipanga moja juu ya nyingine, ungepanda ukawashe sigara kwenye jua. Diploma yangu niliipata kwa masomo ya jioni, nikiwa tayari na mke na watoto wanne, vidole vyeusi hivi kwamba mwalimu siku ya kwanza aliniambia nivue glavu. Nayataja haya si kwa kujisifu. Kidogo ni kwa kujisifu, ila mtaona yana sehemu yake katika habari hii.

Kila mwenye lori aliyenijia alitaka vitu viwili kwa pamoja: lori lionekane kama linatafuna mawe, na mazutu, yaani dizeli, ndani ya tangi yabaki kama hayajaguswa. Vitu hivyo viwili havipendani. Pine ya makucha, ile yenye vipande vikubwa vya mpira vilivyoachana, inashika matope na mchanga vizuri, na inapendeza macho. Lakini ukiitembeza kwenye lami, kila ukucha unajikunja na kujikunjua, unajikunja na kujikunjua, na kazi hiyo yote inalipwa na mazutu. Pine ya mistari, ile yenye mifereji inayozunguka bila kukatika, inateleza kwenye lami kama sabuni bafuni, haina kiu, lakini sura yake ni ya mwalimu wa Jumapili. Hakuna anayeiogopa.

Msiseme sura ni upuuzi. Wakati huo kulikuwa na uwanja Likasi ambako malori yalipakia saruji na unga wa kwenda Dilolo, kule mpakani na Angola. Njia yenyewe mnaijua: kutoka Likasi mpaka Kolwezi ni lami, unakwenda kama unaenda harusini. Ukiipita Kolwezi, lami inakuaga. Unaanza udongo mwekundu, mawe, halafu mchanga. Na lori likizama humo linaziba njia ya wengine wote. Kwa hiyo karani wa uwanja alichagua malori kwa kutazama pine. Alipita kwenye mstari, kalamu sikioni, mikono mgongoni. Lori la pine za mistari alilipita kama limeegeshwa na shetani. La makucha aliliandika. Kuinama, hata siku moja! Alikuwa na tumbo la heshima, na tumbo hilo halikumruhusu. Alitazama ubavuni tu.

Likumbukeni tumbo hilo. Tutalirudia.

Aliyenifundisha kazi ni Tata Kapend, mzee wa Kilunda, mwenye karakana pale kwenye barabara ya kutokea mjini. Maneno yake kwa siku yangetosha kwenye kiganja. Aligonga pine kwa chuma na kusikiliza, akakwambia upepo umebaki kiasi gani, na kipimo kikimpinga, mara tisa kati ya kumi kipimo ndicho kilichokuwa kimeharibika. Mwaka wangu wa kwanza nilimharibia jina. Katekista mmoja alileta pine mbili za pikapu zilizokwisha kuwa na upara. Mimi, fundi mkubwa wa miezi minne, nikachukua kisu, nikakipasha moto, nikazichonga makucha mapya. Zilipendeza! Nilitaka kupiga picha nazo. Tata Kapend akaja, akaingiza kidole kwenye mfereji niliouchonga, akakitoa, akanionyesha tone la damu. Waya wa ndani ulikuwa umemchoma.

«Umefika ku mifupa,» akasema.

Akachukua shoka akazikata zote mbili, mtu yeyote asije akazifunga, kisha akampa katekista mbili nzuri kutoka ukutani. Hakunifukuza. Alinipa shoka nilirudishe mahali pake, na njia ile ya hatua kumi ilikuwa ndefu kuliko kwenda Kinshasa kwa miguu.

Sasa Mama Zaina.

Alikuwa mjane, wazee wake walitoka upande wa Kasongo, ukoo wa Waislamu wafanyabiashara na wasafirishaji. Mumewe alikuwa na malori matatu. Maisha yakayala mawili, likabaki moja la pine kumi. Juu ya kioo cha mbele, kwa rangi ya njano, marehemu alikuwa ameandikisha herufi kubwa: ZAINA. Watu walimcheka, mwanamume gani anaandika jina la mkewe kwenye lori? Alijibu kwamba likiharibika njiani atajua ni nani wa kumbembeleza.

Pamoja na lori alimwachia fimbo. Ilikuwa ya mwanzi, ya kuchovya kwenye tangi kupima mazutu, imechongwa alama alama. Moja ya alama hizo ilizungushiwa waya wa shaba. Tangi likijazwa kabla ya kuondoka, hapo ndipo mazutu yanayobaki yalipaswa kufika lori likishakwenda Likasi kupakia, likapita hapa Kolwezi, likaenda Dilolo na kurudi nyumbani. Fimbo ikilowa mpaka kwenye shaba, safari ilikuwa na faida. Ikitoka kavu chini ya shaba, lori limefanya matembezi.

Siku aliponiita nyumbani kwake nikague pine, alikuwepo na Bwana Salumu, kaka mkubwa wa marehemu, mzee wa kanzu safi na sauti ya taratibu. Nilikuwa nimelala chini ya lori, kwa hiyo nilisikia yote kama mtu aliyelipia kiti.

«Shemeji, mimi si adui yako,» alisema Bwana Salumu. «Lakini lori ni la watoto wa marehemu wote, na kila mwezi linazidi kuwa chuma chakavu. Yuko mtu wa Likasi anataka kulinunua likiwa bado linatembea.»

«Linatembea, shemeji, na litaendelea kutembea.»

«Kutembea si kitu. Hata mbuzi anatembea. Linaleta nini?»

Niliona miguu ya Mama Zaina tu, ndala za bluu, haisogei.

«Nipe mpaka Idi,» akasema. «Kuna safari tatu mpaka Idi. Hata moja ikirudi na fimbo imelowa mpaka kwenye shaba, lori libaki. Zikikauka zote tatu, mlete huyo mtu wako wa Likasi, nami nitampa funguo kwa mkono wangu.»

«Na jina lako pale juu?»

«Atanunua na rangi ya kulifuta.»

Nilibaki kule chini muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyotaka.

Pine zake zilikuwa zimekwisha kabisa, zote kumi. Tata Kapend alikuwa amekwenda matangani Kasaji, karakana imebaki mikononi mwangu, yaani mikononi mwa sifa zangu. Mama Zaina akaja na dereva wake, Mwamba, mwanamume mrefu aliyechana nywele zake hata akiwa chini ya lori. Mwamba hakusubiri salamu ziishe.

«Mama, utie makucha! Na ile mistari ya zamani banatucheka. Likasi mi nalala siku tatu ku mustari, karani ananipita sawa vile mi ni muti!»

«Na mazutu?» akauliza Mama Zaina.

«Mazutu iko kitu gani kama hatupakii?»

Hakusema uongo. Mama Zaina akanigeukia: «Fundi, wewe ndiwe mwenye kujua. Unasemaje?»

Angenipa nafasi ya kusema «sijui» ningeikataa. Nikakunja mikono, nikatazama mbali, nikasema kwa sauti ya profesa: «Makucha, Mama. Zote kumi.»

Tukazifunga. Lori likasimama juu ya makucha yale kama ng'ombe dume aliyevaa viatu vya mpira. Watoto wa mtaa mzima walikuja kutazama; mimi nililizunguka mara tatu nikijifanya natafuta kasoro. Na kule Likasi, karani aliliandika la kwanza. Mwamba alinipigia simu akipiga makelele ya furaha. Lakini nyuma ya sauti yake nilisikia mngurumo mwingine, uuuuu, kama nyuki wa nchi nzima wameingia kwenye pipa. Nikamwuliza ni nini.

«Ile njo pine, Tata! Inaimba!»

Iliimba lami yote. Siku ya kurudi tulikusanyika uani kwa Mama Zaina. Yeye mwenyewe akafungua tangi, akachovya fimbo, akaitoa. Ncha tu ilikuwa na unyevunyevu, kama ulimi wa mwenye homa. Mwamba akakiri kwamba hata hicho kidogo ni cha bidoni mbili, yale madumu ya plastiki, alizoomba kwa madereva wenzake njiani.

Mama Zaina hakunigombeza. Angenigombeza ningepona haraka. Alisema tu: «Fundi, lori langu limepata kiu gani hii?»

Swali hilo nililibeba mpaka darasani. Jioni hiyo mwalimu wa fizikia, kijana aliyeweza kuwa mtoto wangu, alikuwa anaeleza kwamba nguvu haipotei; ikitoweka mahali fulani itafute kama joto. Nikaruka kwenye benchi: «Ile njo mazutu ya Mama Zaina!» Darasa zima likageuka. Mwalimu akaniuliza Mama Zaina ni mwanasayansi wa wapi. Lakini nilikuwa nimeelewa. Mwamba alikuwa ameniambia kwamba akisimama, makucha yalikuwa ya moto mno kugusa. Ule moto ulikuwa mazutu. Mama wa watu alikuwa anapasha barabara moto kutoka Likasi mpaka Kolwezi!

Basi, nikiwa na nusu ya elimu, nikafanya kosa lililo kubwa kuliko la kwanza. Mtu asiye na elimu anakosea kidogo; mwenye nusu anakosea kwa ufundi.

Nyuma ya lori, pine zinakaa mbili mbili, pacha, moja ya nje na moja ya ndani. Nikajiambia: karani anaona ya nje tu. Kwa hiyo nje niache makucha, ndani nitie mistari iliyotumika kidogo. Sura itampata karani, mazutu yatampata Mama. Nilijiona nina akili mpaka nikajihurumia kwa uzito wake. Tata Kapend alikuwa amerudi. Alipita, akatazama, akaniambia neno moja:

«Inama.»

Nikadhani anataka nimwokotee kitu. Nikatazama chini, sikuona kitu, nikaendelea kufunga.

Safari ya pili iliondoka. Karani akaandika, vizuri. Lami ikapita, vizuri. Mbele kidogo ya Mutshatsha, lori likiwa na mzigo wote, Mwamba akanipigia simu.

«Tata Ilunga, pine imekufa!»

«Gani?»

«Ya inje! Imepasuka, mi nilizania ni bomu! Na ile ingine ya inje iko nalia, nayo inataka kufa!»

Mlio ule, nawaambia, uliwashtua samaki wa ziwa la Nzilo. Mwamba alikuwa mzima, nashukuru mpaka leo. Lori lilikuwa likipanda polepole. Lakini alikaa pale siku mbili akibadilisha na kusubiri, akafika Dilolo amechelewa, na lori liliporudi fimbo ililowa, ikaishia upana wa vidole vitatu chini ya shaba. Afadhali kuliko mara ya kwanza. Afadhali, ambayo haikumsaidia mtu.

Kwa nini ilipasuka? Sikilizeni, hii ni kazi yenu. Pine mpya ya makucha ni ndefu kuliko pine ya mistari iliyolika. Ukizifunga pacha, ile ndefu inasimama chini na mzigo wote, ile fupi inaning'inia pembeni kama shemeji siku ya kuhama. Moja inafanya kazi ya mbili, inapata moto, inapasuka. Ningeinama tu, ningeona mwanga ukipita kati ya pine ya ndani na ardhi. Neno moja Tata Kapend aliniambia, nami sikulitumia.

Nikaenda kwa Mama Zaina mwenyewe. Alikuwa anachambua mchele.

«Mama, kosa si la Mwamba. Ni langu, mara zote mbili.»

«Najua,» akasema.

«Unajua?»

«Fundi, mtu aliyefanya vizuri hazunguki lori mara tatu.» Akaendelea kuchambua. «Imebaki moja. Mwezi wa mfungo umeanza. Unaweza au huwezi? Ukiwa huwezi, niambie sasa. Sitakulaumu.»

Nikafungua mdomo kusema naweza. Nikaufunga. Nikasema: «Peke yangu siwezi. Naenda kumwuliza Tata Kapend.»

Mama Zaina akaweka ungo chini, akanitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. «Haya,» akasema. «Leo umeniambia jambo la fundi.»

Tata Kapend alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachota majivu ya mkaa, akayamwaga uani, akayasawazisha kwa ubao kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni. Akaviringisha juu yake pine ya makucha, kisha pembeni yake ya mistari. Zikaacha alama. Ya makucha ilikuwa visiwa visiwa, na nafasi kubwa katikati. Ya mistari ilikuwa barabara ndogo zilizonyooka.

«Karani anaona ubavu,» akasema. «Barabara inaona ile.»

Kisha akaingia ndani ya stoo, akarudi akiviringisha pine ya tatu, ambayo nilikuwa nimeiruka kila siku nikienda kuchukua nyingine. Ukiitazama ubavuni ilikuwa na makucha mazito, yaliyokatwa kwenye mabega mpaka yanashuka ubavuni kabisa, simba kweli. Akaiviringisha kwenye majivu. Katikati ya alama palikuwa pamefungana, mistari mizito iliyoshikana, na makucha yalikuwa pembeni tu, huku na huku.

Nikapiga magoti, nikaangalia kwa karibu mpaka majivu yakaniingia puani. Kwenye lami lori lingekanyaga kwa katikati ya pine, tumbo lake, na tumbo lilikuwa la mistari. Kwenye mchanga pine ingezama kidogo, na hapo mabega yangeshika. Na karani angeona mabega. Hapakuwa na kumdanganya mtu yeyote. Kila mmoja angepata chake kutoka kwa pine ile ile moja.

«Tata, juu ya nini haukuniambia tangu mwanzo?»

«Nilikuambia. Inama.»

Tukabadilisha. Zile za makucha Tata Kapend akazichukua kwa ajili ya malori yanayobeba mawe upande wa mgodi wa Mashamba na hayagusi lami. Huko zilikuwa kwao. Mbele tukatia mistari mitupu, pine mbili, kwa sababu za mbele kazi yake ni kuongoza, na karani hutazama sana nyuma kwenye pacha. Nyuma tukatia nane za mabega, na kila pacha nilizipima kwa kamba kuzunguka, zilingane. Upepo niliujaza alfajiri, pine zikiwa baridi, kwa kipimo na si kwa teke. Ninyi mnaopiga pine teke na kusema «iko muzuri», nawaona! Pine yenye upepo pungufu ni makucha ya siri: inajikunja vilevile, inakunywa vilevile, hata uichague kwa miwani ya dhahabu. Nikamfundisha Mwamba kutoa mawe yanayokwama katikati ya pacha kila anaposimama. Alilalamika kuhusu kucha zake. Alitoa.

Kisha tukangoja. Mimi si Mwislamu, lakini siku hizo chakula kilinishinda kama na mimi nimefunga. Mwamba alipiga simu mara moja tu, kutoka Likasi. Karani alisimama mbele ya pacha, tumbo mbele, akatazama ubavu, akasema: «Hii iko na meno,» akaandika.

«Na inaimba?» nikauliza.

«Hapana, Tata. Imenyamaza. Mi mwenyewe nasikia njaa ya kelele.»

Lori lilirudi siku moja kabla ya Idi, mchana, limejaa vumbi jekundu mpaka jina la njano halisomeki. Bwana Salumu alikuwa tayari uani, kanzu nyeupe, na pembeni yake mnunuzi wa Likasi akiwa ameshika begi. Lori halijazima vizuri, Bwana Salumu akatikisa kichwa.

«Bado ni yale yale makucha, shemeji. Nilisikia jinsi yanavyokula mazutu. Nawe umeyarudisha?»

Nilitaka kusema. Mama Zaina aliniinulia kidole, nikameza.

«Shemeji,» akasema, «unatazama kama karani wa Likasi. Inama.»

Mzee yule alimtazama. Sijui ni mara ngapi maishani mwake mwanamke alimwambia neno hilo. Kisha akakusanya kanzu yake kwa mkono mmoja, akaweka mwingine kwenye pacha, akashuka taratibu, goti moja, halafu la pili, kwenye vumbi. Akaingiza mkono chini, akapapasa katikati ya pine.

«Imefungana,» akasema kutoka kule chini. Akaweka kiganja chote. «Na haina moto.»

Mama Zaina alikuwa ameshafungua tangi. Akachovya fimbo mpaka ikagusa sakafu ya tangi, akaitoa, hakuitazama. Akampa shemeji yake. Bwana Salumu bado yuko magotini. Fimbo ilikuwa imelowa, ikapita waya wa shaba, ikaendelea juu yake upana wa kidole kizima, na mazutu yakadondoka kwenye kanzu nyeupe. Hakuyafuta. Akainusa ile fimbo kama mtu anayenusa shati la ndugu yake.

«Ndugu yangu alikuwa hapitishi hapa,» akasema. «Hata yeye.»

Akasimama kwa kumshika Mwamba begani, akamgeukia yule mnunuzi: «Bwana, samahani kwa usumbufu. Kesho ni Idi, baki ule nasi. Lakini lori lina mwenyewe, na jina liko pale juu, ukipangusa vumbi utalisoma.»

Mama Zaina aliniomba kisu. Akakaa kwenye ngazi ya lori, akachonga alama mpya juu ya ile ya mumewe, polepole, bila kuigusa ya kwanza. Mwamba akaleta waya wa shaba. Mimi nikaenda kutazama ukuta kwa muda, maana vumbi la Dilolo ni kali machoni.

Lori lile lilitembea miaka mingi baada ya hapo, na siku hizi wajukuu wa Mama Zaina wana mengine. Pine zimebadilika, tiubu za ndani zimekwisha, mashine inafungua kwa dakika moja kile kilichonivunja mgongo asubuhi nzima, na picha mnaziona kwenye simu. Ni vizuri. Lakini angalieni: picha zote wanazipiga ubavuni. Hakuna muuzaji aliyelala chini apige picha ya tumbo.

Yule kijana wa miwani ya jua nimemwambia arudi kesho na lori lake, na mfuko wa majivu. Tata Kapend hayupo tena, na magoti yangu yamekataa kazi kabla yangu. Kwa hiyo mimi nitakaa kwenye kiti, nitashika chuma, nitagonga na kusikiliza. Ya chini atatazama yeye.